Kiti cha Gem: Maisha ya Argwings-Kodhek

Kila aliyewahi kumpeleka mgonjwa Nairobi Hospital amepita kwenye barabara yake. Jina liko kwenye kibao, madereva wa teksi hulitaja kutwa, na wengi wetu hulikata na kusema Kodhek tu. Lakini ukimwuliza mtoto wa Kikenya aliyezaliwa hapa Flemingsberg mtu huyo alikuwa nani, atakutazama. Ukimwuliza babake, mara nyingi utajibiwa kwamba alikuwa waziri, akafa kwa ajali ya gari. Basi.

Katika magazeti yetu ya Jamhuri tumezoea kuandika habari za Mzee Kenyatta, Tom Mboya, Dedan Kimathi na Jaramogi. Mwaka huu nimeomba kurasa hizi kwa ajili ya Argwings-Kodhek. Mimi ni muuguzi, si mwanahistoria, lakini maisha yake yana mambo matatu yanayotuhusu sisi tunaoishi ugenini: kusoma mbali na nyumbani, kutetea mtu asiye na mtetezi, na kura. La kura ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu kura iliyozua gumzo kubwa zaidi katika habari zake ilipigwa yeye akiwa tayari kaburini.

Mtoto wa Gem

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, nchi ya Wajaluo, ambayo leo iko katika kaunti ya Siaya. Waliosafiri kwa treni ya zamani ya Kisumu hadi Butere wanaikumbuka stesheni ya Yala. Huko ndiko kwao. Herufi zake tatu za mwanzo, C.M.G., watu wa nyumbani walizigeuza kuwa jina la sifa la Kijaluo lenye kuitaja Gem, na ndivyo walivyomwita hadi kufa kwake.

Alipita shule za misheni, kisha akaenda Makerere, Kampala, akasomea ualimu na kufundisha kwa muda. Mwaka 1947 alipata nafasi ya kwenda Cardiff, katika nchi ya Wales. Serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika wa Kenya asomee sheria. Ilitaka walimu, makarani na wasaidizi wa kilimo. Kodhek akiwa huko huko aliigeukia sheria, akakubaliwa kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn ya London. Wale waliofika hapa Sweden kwa viza ya kusomea jambo moja wakaishia kwenye jingine watamwelewa bila maelezo.

Aliporudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950 anatajwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Serikali ilikuwa tayari kumwajiri, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa mzungu mwenye elimu ile ile. Alikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Alirudi pia na mke, mwanamke wa Ireland. Watoto wetu wengi hapa wana mama Mswidi na baba Mkenya, au kinyume chake, na hakuna anayeshangaa. Nairobi ya wakati ule ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Kulikuwa na mitaa ya Wazungu, mitaa ya Wahindi na mitaa ya Waafrika. Mtu na mkewe wa rangi mbili hawakuwa na mtaa wao. Alikozoea kuishi mke, mume hakuruhusiwa kupanga nyumba. Alikoruhusiwa mume, mke hakutakiwa kuonekana. Wakili aliyejua sheria zote za Mwingereza hakuwa na mlango wa kuingilia nyumbani kwa amani.

Wakili wa wasio na wakili

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Zilifunguliwa mahakama maalumu zilizofanya kazi kwa haraka sana, na sheria zikakazwa hata mtu akikutwa na risasi tu aliweza kuhukumiwa kifo. Katika miaka ile walinyongwa watu zaidi ya 1,000.

Watoto, mnapotoka stesheni hapa Flemingsberg mnaliona jengo la mahakama ya wilaya. Mtu akishtakiwa humo kwa kosa kubwa, serikali humpa wakili na kumlipia, hata kama kila mtu mtaani anaamini ana hatia. Sisi hospitalini tuna kanuni inayofanana nayo: mgonjwa hatibiwi kwa sababu ni mtu mwema, anatibiwa kwa sababu ni mgonjwa. Kodhek alifanya kazi kwa msingi huo mahali ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari. Alisimama mahakamani kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau ambao wengi wao hawakuwa na pesa za kumlipa. Alikuwa Mjaluo akiwatetea Wakikuyu. Katika mikutano yetu, kila Kenya inapokaribia uchaguzi, makabila hukaa meza mbali mbali. Hilo la Kodhek na Wakikuyu linafaa kukumbukwa hapo.

Mwaka 1954, mahakama zile zikiendelea, ndipo ile hospitali iliyo kwenye barabara yake ilipofunguliwa. Ilikuwa hospitali ya Wazungu. Ni baadaye tu ilipowafungulia mlango watu wa rangi zote.

Chama kisichoruhusiwa kuwa cha taifa

KAU, chama cha Kenyatta, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Miaka miwili baadaye serikali ilikubali Waafrika waunde vyama, lakini kila chama kiishie ndani ya wilaya moja, na Mkoa wa Kati usiwe nacho. Ujanja ulikuwa wazi: watu wa Nyanza wasikutane na wa Pwani, wa Machakos wasisikilizane na wa Nairobi.

Kodhek alijaribu kuandikisha chama cha Waafrika cha nchi nzima. Akakataliwa. Mwaka 1956 akapata kibali cha chama cha Nairobi pekee, Nairobi District African Congress. Jina la wilaya lilikuwa limebandikwa mbele kwa lazima, lakini madai ya chama yalikuwa ya taifa zima, na dai kubwa lilikuwa haki ya Mwafrika kupiga kura sawa na mtu mwingine yeyote.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali, mshahara na umri, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali, kwa hiyo wengi wa wale Kodhek aliowatetea hawakuweza kumpigia.

Katika kiti cha Nairobi alipambana na kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, aliyekuwa na miaka 26. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura mia chache. Wengi walidhani wakili mwenye jina lake na chama chake ndiye angeshinda. Kodhek akajifunza jambo ambalo watu wa Gem walikuja kuifunza KANU miaka 12 baadaye: kiti kinachodhaniwa kuwa tayari kina mwenyewe, mpiga kura anaweza kumpa mwingine.

Mbunge na waziri

Uhuru ulipokaribia, vyama vya wilaya viliunganishwa, na KANU ikaundwa mwaka 1960. Katika uchaguzi wa Mei 1963 Kodhek alichaguliwa mbunge wa Gem kwa tikiti ya KANU. Tarehe 12 Desemba mwaka ule bendera ikapandishwa. Akaingia serikalini, akapanda hadi kuwa waziri, na wakati wa kufa kwake ndiye aliyeshughulikia mambo ya nchi za nje.

Nyumba ya KANU haikukaa na umoja kwa muda mrefu. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kilikatwa vipande vinane ili Oginga Odinga asibaki na nguvu. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi, akaongoza chama kipya, Kenya People's Union, KPU, alama yake ikiwa fahali. Wafuasi waliita Dume. KPU ilidai kwamba uhuru ulikuwa umeanza kuliwa na wachache, na kwamba ardhi iliyochukuliwa na walowezi isiuzwe tena kwa wale walionyang'anywa.

Bunge likabadilisha katiba haraka: mbunge aliyehama chama sharti arudi kwa wapiga kura. Juni 1966 ukafanyika uchaguzi uliopewa jina la uchaguzi mkuu mdogo, wa viti 29. KPU ilipata viti 9, ingawa kwa jumla ya kura ndiyo iliyoongoza. Katika Nyanza ya Kati, wafuasi wa Odinga waliosimama walirudi bungeni kwa nguvu.

Kodhek hakuhama. Alibaki KANU na serikalini. Wapo waliomlaumu, wapo waliomsifu. Mimi sitahukumu, ila nawaomba mshike jambo moja kwa sababu ndilo litakaloeleza yaliyofuata. Kwa kuwa mbunge wa Gem hakuhama chama, Gem haikuwa na uchaguzi mwaka 1966. Majirani zao walipewa nafasi ya kusema wako upande gani. Wao hawakuulizwa.

Kifo na kiti kitupu

Tarehe 29 Januari 1969 Kodhek alifariki baada ya gari lake kupata ajali kwenye barabara ya Hurlingham, Nairobi, ile ambayo leo ina jina lake. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, umri wangu mimi. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya barabarani. Wengi hawakuiamini wakati ule, na wapo wasioiamini hadi leo. Alizikwa nyumbani.

Hapa nawaeleza vijana waliokulia Sweden, maana kwao jambo hili ni geni. Mbunge wa Sweden akifa, hakuna uchaguzi. Anaingia msaidizi wake aliyetajwa kwenye orodha ya chama, na kiti kinabaki na chama kile kile. Kenya tulirithi utaratibu wa Mwingereza: kila jimbo lina mbunge mmoja, na akifa, watu wa jimbo lile peke yao wanaitwa kupiga kura tena. Huo ndio uchaguzi mdogo. Nchi nzima inakaa pembeni na kutazama wilaya moja. Ndiyo maana jimbo dogo, ambalo halitajwi redioni mwaka mzima, linaweza siku moja kusema jambo likasikika hadi Ikulu.

Mei 1969 ilikuwa zamu ya Gem.

KANU ilikuwa na kila sababu ya kujiona salama. Serikali ilikuwa mikononi mwake, na wakuu wa wilaya na machifu walikuwa chini ya serikali hiyo. Marehemu alikuwa waziri wake, na kwa kawaida msiba huleta kura za huruma kwa chama cha aliyekufa. Katibu mkuu wa chama alikuwa Tom Mboya mwenyewe, bingwa wa kampeni. Na mwaka uliotangulia, Agosti 1968, KANU ilikuwa imenyakua mabaraza ya miji na wilaya nchi nzima.

Lakini tazama ilivyoyanyakua. Karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na wa KANU wakapita bila kupingwa. Mtu akiyasoma matokeo yale angedhani KPU imekufa. Kazini kwetu tunajua hatari ya namna hiyo: mgonjwa asipopimwa joto, chati yake haitaonyesha homa. Haina maana kwamba homa haipo.

KPU ilimsimamisha Wasonga Sijeyo, mwanasiasa wa siku nyingi aliyekwisha kukaa kizuizini enzi ya mkoloni kwa ajili ya uhuru. Sanduku la kura lilipofunguliwa, Sijeyo alikuwa ameshinda kwa tofauti kubwa. Chama ambacho kilikuwa kimezuiwa kila mlango kilikuwa kimekichukua kiti cha waziri aliyetoka kuzikwa.

Sababu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na hasira juu ya kifo chenyewe. Kulikuwa na heshima kwa Odinga. Kulikuwa na njaa ya ardhi na kazi. Lakini naamini ile ya kutoulizwa mwaka 1966 ilikuwa na uzito wake. Walioshangaa ni wale waliohesabu mabaraza. Watu wa Gem wenyewe walikuwa wanatoa jibu walilokuwa nalo kwa miaka mitatu.

Je, walimkana Kodhek? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hapana. Walimlilia na kumzika kama mtu wao. Kisha wakatofautisha mtu na kiti. Na haki ile ya kusimama kwenye foleni, kila mtu na kura yake moja, bila kupimwa mshahara wala kuonyesha cheti cha uaminifu, ndiyo haki ambayo Kodhek alianzisha chama mwaka 1956 ili kuidai. Chama chake cha mwisho kilishindwa katika kiti chake, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa imefaulu.

Bei ya kura ile

Furaha ya Gem haikumaliza mwaka. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, akitoka duka la dawa. Nchi ikatetemeka. Wale wapinzani wawili wa kiti cha Nairobi cha mwaka 1957 walikuwa wote wameondoka ndani ya miezi sita.

Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Wazee bado wanaiita Russia. Kukatokea majibizano makali kati ya Rais na Odinga mbele ya umati, vurugu zikazuka, walinzi wakafyatua risasi. Waliokufa hawakupungua 11 kwa hesabu rasmi, na wenyeji husema walikuwa wengi zaidi. Nikiwa muuguzi, picha hiyo hunishinda: hospitali inafunguliwa, na siku ile ile wanapigwa risasi watu waliokuja kuiona. Leo hospitali hiyo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Ushindi wa Gem ulikuwa umedumu miezi mitano tu. Kenya ikabaki na chama kimoja kwa vitendo, na mwaka 1982 kwa sheria, hadi vyama vingi vilipoidhinishwa tena Desemba 1991. Wasonga Sijeyo, mbunge wa miezi mitano, alikaa kizuizini karibu miaka tisa. Alitoka Desemba 1978, siku ya Jamhuri, Rais Moi alipowaachilia wafungwa wa kisiasa. Kwa hiyo tarehe 12 Desemba ina maana mbili kwa familia kadhaa za Kenya.

Kwetu hapa

Huenda mtu akasema: kama mwisho wake ulikuwa kizuizini, kura ile ilisaidia nini? Ilisaidia kuacha alama. Serikali ililazimika kufunga chama kizima kwa sababu haikuweza kukishinda kwa sanduku mahali ambapo watu waliachwa wachague. Na watoto wa waliopiga kura ile ndio waliosimama kwenye foleni ndefu mwaka 1992, vyama vingi viliporudi.

Sisi wa Flemingsberg tuna kura mbili za kufikiria. Ya kwanza ni ya nyumbani, kwa wale waliojiandikisha. Ya pili ni ya hapa. Wengi hawajui, au wanajua na wanapuuza, kwamba hata asiye raia wa Sweden, akiwa na miaka 18 na ameandikishwa kuishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo, ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa na wa mkoa. Manispaa ya Huddinge ndiyo inayoendesha shule za watoto wetu na utunzaji wa wazee. Mkoa ndio unaoendesha hospitali ninayofanyia kazi. Kadi ya kura inakuja nyumbani kwa posta bila kuiomba, na kila mara nasikia ya kwamba imetupwa pamoja na matangazo ya maduka. Kodhek alikatazwa hata kuandikisha chama. Sijeyo alilipa miaka tisa. Kadi ile isitupwe.

Nanyi watoto, mkienda Nairobi likizo, mwombeni mjomba au shangazi awapitishe barabara ya Argwings Kodhek. Teremkeni gari dakika moja, msome kibao. Mkiulizwa alikuwa nani, msiseme tu kwamba alikuwa waziri akafa kwa ajali. Semeni alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo aliyerudi nyumbani, akawatetea watu wasio wa kabila lake, akadai kila Mkenya awe na kura. Na alipokufa, watu wa kwao waliitumia kura hiyo walivyotaka wenyewe.

Heri ya sikukuu ya Jamhuri kwenu nyote.